Mandalala Mbele ya Trakta

Siwezi kuona gari la matanga likipita bila kuangalia kwanza pua yake. Wengine hutazama jeneza, wengine huhesabu pikipiki zinazofuata ili wajue marehemu alikuwa mtu wa aina gani, na wanawake wa mtaa wangu hutazama nani amelia kweli na nani amejipaka poda kwanza. Mimi natazama wavu wa mbele, pale hewa inapoingia kwenye injini, nione kama vijana wamefunga mandalala hapo. Ndiyo yale makuti ya mchikichi tunayotundika langoni na kwenye magari kuwaambia watu kwamba kuna kifo. Nikiyakuta juu ya paa, natulia. Nikiyakuta yamejazwa mbele, natoka barabarani nagombana na dereva, mimi bibi mwenye wajukuu wawili. Binti yangu anaona aibu, ananivuta kitenge. "Mama, acha, hawa watu wako mu deuil." Najua wamefiwa. Hata mimi niliwahi kuwa katika matanga, karibu miezi minne, na trakta yangu vilevile.

Mwezi uliopita Chantal alinipigia simu. Chantal ni dada ya Faustin, mume wangu wa kwanza, na ingawa niliolewa tena zamani mno, bado namwita wifi naye ananiita hivyohivyo. Nilikuwa jikoni napepeta mchele. "Régine, mama alishaenda," akasema. "Alilala, asubuhi hakuamka." Mama ndiye Mama Antoinette, mama mkwe wangu wa wakati ule. Nikaweka ungo chini. Nilidhani Chantal atasema siku ya mazishi na kukata, maana yeye na dakika za simu ni maadui, lakini hakukata. Kisha akasema, "Alisema weye njo utafunga mandalala ku gari. Apana mutu mwingine." Nikamuuliza kwa nini mimi, mwanamke aliyetoka katika familia yao miaka mingi namna ile, wakati yeye mwenyewe yupo na watoto wake wamejaa uani mwa parseli yao. "Kuya tu," akasema. "Tutaongea."

Faustin alikufa mwezi wa kumi na moja, kwa homa, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, mtaa wa Tshopo, Kisangani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hatukuwa bado na mtoto. Sitausimulia ugonjwa wote. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Alipoanza kutetemeka, mama yake alisema mgonjwa wa homa lazima atoe jasho, ili ugonjwa utoke pamoja nalo. Akapigilia ubao kwenye dirisha upepo usiingie. Akamfunika blanketi, kisha la pili. Mimi ndiye niliyeleta la tatu, nililiazima kwa jirani. Faustin alikuwa akisema, "Moto, moto, mutoe," nasi tukadhani ni homa inayosema. Siku ya tatu alinyamaza. Muuguzi aliyeitwa kwa kuchelewa aliyaondoa yale mablanketi, akayakunja moja baada ya jingine, akayaweka kwenye kiti. Yangu lilikuwa la juu.

Jeneza lilibebwa na trakta. Ilikuwa trakta ndogo ya Kijapani, nyekundu, iliyokwisha kutumika kwao kabla ya kuletwa kwetu, fupi kiasi kwamba Faustin alipoketi magoti yake yalikaribia usukani. Mwenye trakta alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye depo ya mchele katikati ya mji na shamba ng'ambo ya daraja la Tshopo, kwenye barabara ya Buta. Faustin alikuwa dereva wake, na kwa kuogopa wezi trakta ililala kwetu, chini ya bati, karibu na jiko. Siku ya mazishi tuliifungia kitorori nyuma, na Valère, mdogo wa Faustin, akafunga mandalala mbele, kwenye wavu, kwa waya, akikaza kila fundo kwa koleo. Sijawahi kumwona Valère akifanya kazi nyingine vizuri namna ile. Sasa, katika familia ile kulikuwa na sheria. Mtu aliyefunga mandalala ndiye anayeyafungua, siku ya kumaliza matanga, na mjane havui nguo nyeusi kabla hayajafunguliwa. Mjane akiyagusa mwenyewe, anawaambia watu kwamba amemchoka mume wake, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye swali la nani alimuua. Wiki moja baada ya mazishi Valère alipanda pikipiki kwenda Bafwasende kutafuta dhahabu. Alisema atarudi kabla ya siku arobaini. Siku arobaini zikafika, tukapika, watu wakaja, wakala, wakauliza Valère yuko wapi, wakarudi kwao.

Nikabaki katika kile chumba. Mpaka leo nikikumbuka wakati ule, kwanza nakumbuka kuta zake za mbao, na ubao wa dirishani ambao hakuna aliyeukumbuka kuutoa. Kitanda kilikuwa kimeondolewa. Mjane hukaa chini. Nililala kwenye mkeka pale pale alipokuwa amelala yeye, kichwa kimenyolewa, na joto la bati liliposhuka mchana nilihesabu misumari ya ule ubao kujizuia nisipige kelele. Nilikula peke yangu, kwenye sahani ya bati yenye ua lililobanduka nusu, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuitumia. Chantal aliisukuma chini ya pazia: lituma la ndizi zilizopondwa, vipande viwili vya samaki, na sombe, majani ya muhogo, yakiwepo. Sikumpa mtu mkono. Sikuvuka lango. Saa nilizijua kwa masikio na pua: asubuhi mafuta ya jirani aliyekaanga mikate, mchana vinu vya sombe, jioni redio ya mtu asiyejua kupunguza sauti. Na niliyasikia maneno ya uani yote, maana mtu akikaa kimya nyuma ya mbao watu humsahau upesi. "Valère akirudi atamuchukua," alisema mwanamke mmoja siku moja, akichambua mchele. "Njo namna yetu." Mwingine akauliza kama mimi nakubali. "Atakubali tu. Ataenda wapi?" Hawakuwa na ubaya wowote, waliongea kama watu wanaopanga viti. Lakini lile swali la mwisho liliingia chumbani likakaa na mimi.

Mwezi wa kwanza Papa Kambale alikuja. Alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye rozari mkononi, anayefanya ishara ya msalaba mbele ya kila kitu, hata mbele ya mfuniko wa tangi. Nilimsikia akimwambia Mama Antoinette kwamba shamba lake halijalimwa, kwamba mvua ya mwezi wa tatu iko njiani, na kwamba madereva wawili aliowajaribu wanajua malori tu. "Nani anajua hii mashini?" akauliza. Mimi nilijua. Faustin alikuwa amenifundisha siku za Jumapili, kwa kunitania mwanzoni, kisha kwa bidii alipoona nashika. Kabla sijafikiri nikasema kupitia mbao, "Miye, papa." Hata vinu viliacha kutwanga. Mama mkwe akasema mjane hatoki. Papa Kambale akajibu kwa upole wa watu wa dukani, "Mama, miye ni Mukatoliki, ninaheshimu wafu. Lakini mvua haitaningojea nimalize rozari." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: nitatoka nyumbani hadi kwenye kiti cha trakta, na kutoka kwenye kiti hadi nyumbani, nikiwa na nyeusi yangu, bila kumsalimu mtu, na Chantal atakaa kwenye kitorori kunichunga. Papa Kambale akaja mbele ya pazia langu, akasema polepole ili mama asisikie, "Ukimaliza hili shamba lote mbele ya mvua, kazi iko yako. Na kule shamba kuko chumba. Iko yako vilevile." Nilikijua kile chumba. Kilikuwa na dirisha lisilokuwa na kioo wala ubao, ukisimama unaona mashamba mpaka kwenye msitu.

Basi mwezi wa pili, jua likiwaka kama limetumwa, Kisangani iliona mjane mwenye kichwa kilichonyolewa akivuka daraja la Tshopo juu ya trakta nyekundu yenye mandalala, na wifi yake nyuma akiwa na mwavuli. Waendesha toleka walishuka kwenye baiskeli zao kutazama. Watoto walikimbia, sijui kwa furaha au kwa woga. Mimi nilitazama mbele. Nilikuwa na furaha, na niliona vibaya kuwa nayo.

Saa moja tu. Tulilima saa moja siku ile ya kwanza, kisha nikafika mwisho wa mstari, nikavuta mkono wa kunyanyulia jembe, jembe likapanda nusu, likatetemeka, likashuka lenyewe. Pampu ililia kwa sauti nyembamba. Usukani ukawa mzito. Nikashuka, nikagusa gamba la nyuma, pale yanapokaa mafuta ya hidroliki, yaani mafuta yanayonyanyua jembe na kulainisha usukani, nikautoa mkono haraka. Nilivuta kijiti cha kupimia: mafuta yalikuwa mepesi kama chai na yalinuka kuungua. Yakishapata moto namna hiyo hayana nguvu tena, yanapenya kila mahali ndani badala ya kusukuma. Tukakaa chini ya mchikichi kusubiri yapoe, na yalipopoa ilikuwa saa kumi. Kesho yake vilevile. Wiki iliyofuata haikuwa saa moja tena, ilikuwa dakika arobaini. Mistari niliyokuwa nimelima niliweza kuitembea yote kabla Chantal hajamaliza kula muhindi wake wa kuchoma.

Papa Kambale alileta fundi wake, Tonton Bosco, mtu mwema aliyekuwa na dawa mbili kwa kila mashine duniani: kubadilisha mafuta na kumwaga maji. Alimwaga maji kwanza. Kisha akasema, "Bon, chaleur, hii joto, inataka mafuta muzito," akamwaga ndani mafuta mazito ya lori. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu pampu ndogo namna ile ikivuta mafuta mazito inahangaika, na kuhangaika kwake ni moto juu ya moto. Nilimwambia. Akacheka, akanigusa bega, kisha akakumbuka kwamba mjane haguswi, akapangusa mkono kwenye suruali. Chantal naye alikuwa na jibu lake. Alilisema jioni moja uani, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani: "Ni Faustin. Anakasirika. Anaona muke wake ku kiti yake." Nilisikia kijiko cha Mama Antoinette kikizunguka ndani ya kikombe, muda mrefu, na hakuna aliyekuwa ametia sukari.

Siamini kwamba wafu hukaa kwenye mafuta ya trakta. Lakini wakati ule, usiku ukinikuta kwenye mkeka, sikuwa na hakika hivyo. Nilifikiri, labda kweli ananikasirikia, na ana sababu. Kilichoniokoa ni jambo dogo alilonifundisha mwenyewe. Alikuwa akisema, kabla ya kufungua kitu chochote, pitisha mgongo wa mkono kando ya mabomba, mashine itakueleza inapoumia. Siku iliyofuata, trakta ilipochemka, nilifanya hivyo. Mbele kabisa, nyuma ya wavu, sehemu ya chini, kuna rejeta ndogo ya kupoza mafuta yale, na mabomba mawili: moja linaingiza mafuta ya moto, lingine linayatoa yakiwa yamepoa. Niliyagusa yote mawili. Yalikuwa na moto uleule. Ile rejeta haikuwa ikipoza kitu. Sindano ya kuonyesha joto la maji ya injini ilikuwa juu lakini haijafika kwenye nyekundu, na ndiyo maana Bosco hakutazama mbele hata mara moja. Nikainua macho, nikayaona mandalala. Yalikuwa pale tangu mazishi, mbele ya macho ya watu wote, na ni kana kwamba hakuna aliyekuwa ameyaona. Feni ilikuwa imeyavuta yakabana juu ya wavu, na vumbi na makapi ya mchele vikajaa katikati yake hadi pakawa kama mkeka. Nikanyoosha mkono. Chantal, kwenye kitorori, aliacha kutafuna. Nikaurudisha mkono.

Kisha nikaona kitu kingine. Makuti ya mwezi wa kumi na moja yalipaswa kuwa yamekauka na kubadilika rangi. Chini yalikuwa makavu, ndiyo. Lakini juu yake kulikuwa na mengine ya manjano, na juu ya hayo mengine mabichi kabisa, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, si kwa waya.

Sikuuliza mtu. Nilisubiri, na Jumamosi alfajiri, kuku wakianza kushuka, nilisikia hatua za Mama Antoinette uani. Kulikuwa na ufa kati ya mbao mbili. Nilimwona akija na kuti jipya begani, amefunga kitenge kifuani, akapiga magoti mbele ya trakta kama watu wanavyopiga magoti kanisani. Alikuwa akifunga na kuongea. "Valère alioa kule Bafwasende," alisema. "Chantal anajua, miye ninajua. Hatarudi kufungua. Basi usiende, papa. Usiende bado. Tukifungua, na muke yako ataenda, nitabakia na nini ya kwako?" Papa ni jina ambalo mama zetu huwaita watoto wao wa kiume wanapowabembeleza. Nilirudi kwenye mkeka. Nilikasirika, sitaficha, nilikasirika hadi meno yakauma, kwa sababu walijua kwamba ninangojea mtu asiyekuja, wakaniacha ningojee. Na ndani ya hasira ileile nilimlilia yule mwanamke, maana kumtakia mabaya kulinishinda. Ningemwambia nini? Kwamba nimemwona? Ningekata yale makuti kwa panga, mtaa mzima ungesema mjane ameua na sasa anasherehekea, na yeye angekuwa wa kwanza kusema, kwa maumivu tu.

Ijumaa iliyofuata Papa Kambale alikuja shambani, akatazama ile mistari yangu michache, akafanya ishara ya msalaba. Hakupiga kelele. Alisema mpwa wake anafika kutoka Butembo siku ya Jumatatu, anajua trakta, ataichukua. "Uko na kesho," akaniambia. "Unionyeshe kesho kama inaweza." Tulirudi nyumbani jioni ile. Nilipita uani, kinyume cha sheria zote nikasimama mbele ya mama mkwe aliyekuwa akichambua sombe, nikamwambia, "Mama, kesho uende na miye shamba. Weye, apana Chantal." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilidhani atanifukuza nirudi chumbani. Akasema, "Nitaweka nini ku kichwa? Jua iko kali."

Alikwenda na ungo kichwani. Aliketi juu ya kifuniko cha tairi, pembeni yangu, akishika kiti cha mwanawe kwa mikono miwili, na darajani, maji ya mto yakiunguruma chini, alifumba macho. Hakuwa amekuja huku tangu Faustin alipokuwa hai. Nililima. Jembe lilishika vizuri, udongo ukageuka mweusi, na nilimwona akitazama nyuma, akiangalia ardhi inavyofunguka, na midomo yake ikalegea kidogo. Haikufika nusu saa. Pampu ikaanza kulia, jembe likashuka lenyewe, nikasimamisha. Harufu ya kuungua ikatuzunguka. "Njo vile kila siku?" akauliza. "Njo vile kila siku, mama. Gusa." Nikamwonyesha gamba la nyuma. Aligusa kwa kiganja, akakitoa. Kisha akaugeuza mkono, akagusa tena kidogo tu kwa mgongo wake, jinsi mama anavyogusa paji la uso la mtoto.

"Iko na homa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza habari za rejeta na mabomba mawili. Kilichotoka kinywani kilikuwa kifupi zaidi. "Haipati upepo," nikasema. "Imefunikwa."

Aligeuka, akatazama mbele ya trakta. Ungo ulianguka, hakuuokota. "Miye njo nilimufunika," akasema, na hakuwa akiongea habari ya trakta. "Alisema moto, moto, na miye nilimufunika." Hakuna mtu aliyekuwa ameyasema maneno yale tangu mwezi wa kumi na moja, si yeye, si mimi, si kasisi. Nilishuka, nikamshika mikono, mjane asiyepaswa kumshika mtu. "Tulikuwa wawili, mama," nikamwambia. "Blanketi ya tatu, miye njo nilileta." Akaanza kulia, kwa sauti, katikati ya shamba la mtu mwingine, saa sita mchana, nami nikalia naye. Tulimlilia Faustin pale kuliko tulivyomlilia mazishini, ambako kila mmoja wetu alikuwa anachunga uso wake.

Alipomaliza alijipangusa kwa kitenge, akapiga magoti mbele ya trakta, akaanza kufungua. Sikumsaidia, haikuwa kazi yangu. Alifungua kamba zake za mgomba moja moja, mabichi, kisha ya manjano, kisha yale makavu ya Valère, na waya ulimshinda, akauvunja kwa kuukunja mara nyingi huku na huku. Nyuma ya makuti tulikuta makapi yamegandamana, tukayakwangua kwa kijiti na kwa kucha zetu. Tukangoja ipoe. Tulikula ndizi mbivu alizokuwa amefunga kwenye kitambaa, na akaniambia mambo ya Faustin alipokuwa mdogo ambayo Faustin mwenyewe hakuwahi kuniambia, jinsi alivyofungua redio ya baba yake na kuirudisha na skurubu tatu zimebaki. Saa tisa nikawasha. Nililima mpaka jua liliposhuka nyuma ya michikichi, jembe likipanda na kushuka kama lilivyoambiwa, ingawa bado ndani kulikuwa na mafuta mazito ya Bosco. Kila mwisho wa mstari mama alishuka, akagusa kwa mgongo wa mkono, akaitikia kwa kichwa kunionyesha kwamba bado niendelee.

Ningependa kusema kwamba nilipata kile chumba. Sikupata. Papa Kambale alikuja jioni, akaona, akashangaa, akamshukuru Bikira Maria, na Jumatatu mpwa wake akapanda trakta yangu kama ilivyopangwa. Ndugu ni ndugu. Nilimwonyesha yule kijana mabomba mawili na namna ya kuyagusa, akatikisa kichwa bila kusikiliza, na sijui walifika wapi. Lakini Jumapili kabla ya hapo, Mama Antoinette aliingia chumbani kwangu bila kubisha. Alikuwa na nyundo. Aling'oa ubao wa dirishani, msumari kwa msumari, na mwanga ukanipiga machoni hadi nikaufunika uso. Kisha akanifungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakiweka kwapani. "Valère hatakuya," akasema. "Nilikudanganya. Enda, mama, kabla sijabadilisha roho." Nilivuka mto nikaenda Lubunga, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na shughuli ya matofali na trakta ya zamani iliyohitaji dereva. Nililala wiki ya kwanza kwenye kibaraza, nikiwa nimezungukwa na hewa pande zote, na nilishindwa kupata usingizi kwa sababu nilikuwa nimeizoea hewa ya kile chumba.

Sikurudi mara nyingi. Nilituma samaki kwa sikukuu, naye alinitumia mafuta ya mawese. Tulisalimiana kwa midomo ya watu. Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipoingia kwenye ile parseli, nilitazama kwanza kile chumba cha nyuma. Wajukuu wake wanalala humo sasa. Dirisha lilikuwa wazi, na mtu ameanika soksi juu yake. Gari lilikuwa tayari barabarani, makuti yameegemezwa ukutani, na vijana wamesimama na waya mikononi wakingoja yule mama asiyejulikana aliyeachiwa kazi ya kufunga. Nilichukua waya, nikaenda nyuma ya gari, nikafunga yote huko, kwenye mlango wa kuingizia jeneza, fundo moja moja. Dereva aliuliza kama hatuweki mbele ili watu waone. Nikamwambia watu wataona sisi tukishapita.

Chantal alikuja kusimama kando yangu nikiwa namalizia fundo la mwisho. Amenenepa, magoti yanamsumbua, na bado ananong'ona kwa sauti inayofika barabarani. Nikamuuliza tena kwa nini mimi, niliyemwacha mama yake nikaenda zangu. "Nilimuuliza vilevile," akasema. "Alisema, Régine njo afunge, juu yeye hatakawia kufungua."